Ramani za Kale na Asili ya Ukoo Karatu na Ngorongoro

Ramani ya kale haiandiki jina la babu wa mtu, lakini huonyesha kilima alichochungia mifugo, kijito alichonywesha na njia aliyopita akihama. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, hilo ni jambo kubwa. Familia nyingi za huko hazina maandishi yoyote yanayotangulia kizazi cha babu. Vyeti vya kuzaliwa ni vya karibuni, vitabu vya ubatizo vilianza misheni zilipofika, na orodha za kodi ziliandika mkuu wa kaya peke yake. Ramani zilitangulia. Majina ya mahali katika nyanda hizo yalianza kuandikwa kwa wingi kwenye karatasi miaka ya 1890, na tangu wakati huo yamechorwa na kurekebishwa na kila serikali iliyotawala. Anayetafuta asili ya ukoo wake anaweza kuchukua majina aliyoyasikia kwa wazee, akayatafuta kwenye ramani hizo, na akajua wazee wake walikuwa wapi na katika miaka ipi.

Watu waliohama

Nchi inayozunguka kreta ya Ngorongoro imepokea watu wengi kwa nyakati tofauti, na kila jamii ina njia yake ya kutunza nasaba. Kabla ya kufungua ramani ni lazima kuzielewa njia hizo, kwa sababu ndizo zinazoamua kitu gani cha kutafuta.

Wairaqw, walio wengi katika wilaya ya Karatu, hujitambulisha kwa mahali na kwa ukoo pia. Masimulizi yao yanaanzia Ma'angwatay, nchi ya kale isiyoonekana kwenye ramani yoyote, kisha yanafika Irqwa Da'aw, milima iliyo karibu na mji wa Mbulu ambayo pia huitwa Mama Isara. Humo ndimo zilimo Kainam, Murray na Kwermusl, majina ambayo karibu kila familia ya Kiiraqw iliyoko Karatu itayataja ikiulizwa ilikotoka. Mwanaanthropolojia Robert Thornton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1980, alieleza jinsi Wairaqw wanavyoipanga jamii yao kwa aya. Aya ni eneo lenye jina, mpaka na kiongozi wake, anayeitwa kahamusmo, na ndani ya aya moja huishi watu wa koo mbalimbali. Kwa hiyo mzee wa Kiiraqw anapoeleza asili yake, hutaja ukoo na aya pamoja. Ukoo hauonekani kwenye ramani, lakini aya inaweza kuonekana.

Wadatoga walikalia nyanda za Ngorongoro kabla ya Wamaasai kuwasukuma kusini, kuelekea Ziwa Eyasi na Mbulu, katika karne ya 19. Wao hukumbuka nasaba kwa vizazi vingi, na alama yao kubwa juu ya ardhi ni kaburi la heshima liitwalo bung'eed, linalojengwa kwa ajili ya mzee mashuhuri. Ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna kaburi ambalo Wadatoga wanaliheshimu hadi leo, na makaburi ya aina hiyo yako pia katika bonde la Eyasi.

Wamaasai wa Ngorongoro hutambuana kwa olosho, yaani sehemu ya taifa lao kama Ilkisongo, Isalei au Iserenget. Kwa ukoo kama Ilmolelian, Ilaiser au Ilmakesen. Na kwa rika. Rika ndilo linalomsaidia zaidi mtafiti wa nasaba, kwa sababu marika hufuatana kwa mpangilio unaojulikana. Mtu akisema babu yake alikuwa wa Ilterito, na mwingine akasema wake alikuwa wa Ilnyangusi, inajulikana mara moja nani alitangulia na kwa kadiri ya miaka mingapi.

Wahadzabe wa bonde la Eyasi huishi kwa kuwinda na kukusanya, na hawakujenga makazi ya kudumu. Nasaba yao haitafutwi kwenye alama za nyumba. Hutafutwa kwenye majina ya visima, miamba, mapango na vichaka vya matunda, ambayo kila kundi huyajua kama mahali pake pa kawaida.

Juu ya jamii hizi kuna wahamiaji wa karne ya 20: Wanyiramba, Wanyaturu na wengine waliofuata kazi za mashambani Oldeani na kilimo cha vitunguu Mang'ola. Wajukuu wao leo ni wenyeji wa Karatu wenye asili ya mbali, na ramani inawahusu vilevile.

Ramani zilivyofuatana

Ramani ya kwanza yenye manufaa kwa eneo hili inatokana na safari ya Oscar Baumann, mtafiti kutoka Austria aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa. Baumann alifika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mwezi Machi mwaka 1892. Kitabu chake, kilichotoka Berlin mwaka 1894, kinaeleza safari hiyo pamoja na ramani ya njia aliyopita. Sehemu inayohusu Ngorongoro ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 1963. Alipita wakati wa msiba mkubwa ambao Wamaasai wanauita emutai: sotoka ilikuwa imeua ng'ombe karibu wote, ndui na njaa vikafuata, na Baumann akakutana na watu waliodhoofika kabisa kwa kukosa chakula. Ukweli huu una uzito katika kusoma ramani yake. Sehemu aliyoiona tupu mwaka 1892 huenda ilikuwa imejaa maboma miaka 3 tu kabla.

Baada yake alikuja Fritz Jaeger, mwanajiografia wa Kijerumani, aliyezipima nyanda za kreta katika safari ya mwaka 1906 na 1907 na kuchapisha matokeo kwa sehemu mbili, mwaka 1911 na 1913. Jaeger aliipa milima, makorongo na mabonde ya eneo hilo umbo sahihi zaidi kuliko aliyemtangulia. Naye Erich Obst alifika kwa Wahadzabe mwaka 1911, wakati ambapo Wajerumani waliwaita Wakindiga, na maandishi yake ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo za watu hao na nchi yao.

Kazi za wasafiri kama hao zilikusanywa katika ramani kuu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyochapwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer chini ya usimamizi wa wachora ramani Paul Sprigade na Max Moisel. Ramani hiyo iligawanywa katika kurasa nyingi kwa skeli ya 1:300,000, maana yake sentimita 1 ya karatasi ni kilomita 3 za ardhi. Kwa skeli hiyo nyumba ya mtu haionekani. Yanayoonekana ni njia za misafara, mito, mahali pa kupiga kambi, vituo vya serikali, misheni, mashamba ya walowezi na majina ya wenyeji wa kila upande. Miongoni mwa walowezi hao, mwanzoni mwa karne ya 20 ndugu wawili wa Kijerumani, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifuga na kulima ndani ya kreta yenyewe, na mabaki ya nyumba yao karibu na mto Munge yapo hata sasa.

Waingereza walipolichukua eneo hili mwaka 1916 walianza kwa kuzitumia ramani za Kijerumani. Ramani zao wenyewe zilikuja polepole. Kulikuwa na ramani za utawala zilizoonyesha mipaka ya wilaya na ya machifu, na ramani za upimaji wa mashamba makubwa, hasa Oldeani na Karatu, ambako walowezi wengi wa Kijerumani walirudi baada ya kuruhusiwa kuingia tena Tanganyika mwaka 1925. Walowezi hao walipanda kahawa na ngano, na Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 mali zao zikashikwa na serikali kama mali ya adui. Kila shamba lilikuwa na namba, mpaka na mmiliki aliyeandikwa, na kwa familia ambayo babu yake alikuwa kibarua wa kahawa, jina la shamba ndilo mwanzo wa kumbukumbu.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya vita hiyo. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara maalumu ya kupima makoloni yake, na ndege zikapiga picha za Tanganyika kutoka angani. Kutokana na picha hizo, na kazi ya wapimaji ardhini, zikatoka ramani za skeli ya 1:50,000, ambazo Tanzania huru iliendelea kuzitoa na kuzirekebisha. Kwenye ramani hizi sentimita 1 ni mita 500. Nyumba zinaonekana kama nukta, na njia za miguu, mashamba, shule, makanisa, majosho na malambo ya maji yamechorwa. Kila ukurasa unachukua eneo la dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, yaani kama kilomita 27 au 28 kila upande. Kwa nasaba ya karne ya 20 hakuna ramani inayozishinda hizi.

Picha za angani zenyewe zina thamani zaidi kuliko hata ramani zilizotokana nazo, kwa sababu mchora ramani huchagua cha kuonyesha lakini kamera huchukua chote kilicho chini yake. Tangu mwaka 1995 kuna pia picha za setilaiti za upelelezi za Marekani za mradi wa Corona, zilizopigwa kati ya mwaka 1960 na 1972, ambazo zilitolewa hadharani mwaka huo. Picha hizo zinafaa sana kwa Tanzania kwa sababu zinatangulia Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976, iliyohamisha mamilioni ya watu kutoka makazi ya zamani na kuwaweka vijijini. Katika nchi ya Wamaasai zoezi hilo lilijulikana kama Operesheni Imparnati.

Kazi inaanza kwa mzee

Anayeanza kwa ramani hupotea. Mwanzo ni mazungumzo na wazee wa ukoo, yakiandikwa au kurekodiwa kwa ridhaa yao. Maswali ya msingi ni machache. Mzee alizaliwa wapi? Baba yake alizaliwa wapi na akazikwa wapi? Walihama mara ngapi, kwa sababu gani, na wakapita wapi? Maji waliyachota wapi? Soko, mnada au josho la karibu lilikuwa lipi? Jirani zao walikuwa wa ukoo gani? Mama na mashangazi waulizwe vilevile, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa mbali hukumbuka safari na majina ambayo wanaume waliobaki nyumbani hawakuyahitaji.

Majibu yapangwe kama safari, kituo baada ya kituo. Kila kituo kipewe wakati wake kwa kutumia tukio. Wazee wachache hutaja mwaka, lakini wengi hutaja vita vya Wajerumani na Waingereza, vita vya Hitler, mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, Uhuru wa 1961, au siku watu walipopelekwa vijijini. Kwa Wamaasai, rika la baba wakati wa kuhama linatosha kukaribia muongo.

Kisha majina ya mahali yaandikwe kama yanavyotamkwa na mzee mwenyewe, kwa lugha yake. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu jina lililoko kwenye ramani ya kale mara nyingi halifanani na linavyoandikwa leo. Wajerumani waliandika j palipo na y, na sch palipo na sh. Manyara ikawa Manjara, Arusha ikawa Aruscha, na Ziwa Eyasi likaandikwa Njarasa. Wairaqw na nchi yao waliandikwa Iraku. Sauti za Kiiraqw ambazo Kiswahili hakina, kama zile zinazoandikwa sasa kwa q, hh, sl na tl, zilishikwa na kila mwandishi kwa namna yake: Kwermusl ya leo huonekana pia kama Kwermuhl. Majina ya Kimaasai yamebadilika vivyo hivyo, na kreta ya Empakaai inaonekana kwenye ramani nyingi kama Embagai. Njia nzuri ni kulisoma jina la ramani kwa sauti mbele ya mzee. Sikio lake hulitambua jina ambalo jicho la kijana limelipita.

Kuilinganisha ramani na nchi

Baada ya kupata ukurasa unaohusika, msomaji aanze pembezoni mwa karatasi. Hapo ndipo panapoandikwa mwaka wa kuchapwa, mwaka wa picha za angani zilizotumika, skeli na maelezo ya alama. Ramani iliyochapwa mwaka fulani inaweza kuwa imetegemea picha za miaka kadhaa nyuma, na mwaka wa picha ndio unaohesabika katika nasaba.

Hatua inayofuata ni kuilaza ramani ya kale juu ya nchi ya leo. Ramani ikishachanganuliwa na kuwa picha ya kompyuta, programu kama QGIS, isiyolipiwa, au Google Earth huweza kuilaza juu ya picha ya setilaiti. Kinachotakiwa ni pointi chache zinazojulikana pande zote mbili. Vilele vya Oldeani, Lemagrut na Loolmalasin vinafaa, pia ukingo wa kreta, makutano ya mito na kingo za Bonde la Ufa. Fukwe za Manyara na Eyasi hazifai, kwa sababu maziwa hayo hupanuka na kusinyaa kufuata mvua. Ramani za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao unatofautiana na ule wa GPS kwa mamia ya mita. Programu isipoelezwa hivyo, nyumba ya babu itaangukia ng'ambo ya korongo.

Jicho nalo lizoee alama za kila jamii. Boma la Kimaasai huacha duara ardhini. Samadi iliyorundikana zizini huirutubisha nchi, nyasi hutofautiana na za jirani, na duara hilo huonekana kutoka angani miaka mingi baada ya watu kuondoka. Tembe ya kale ya Kiiraqw ilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, hivyo huweza kupotea kabisa kwenye picha. Ishara yake ni mashamba yanayoizunguka na vijia vinavyoteremka kwenda majini. Kambi ya Wahadzabe haiachi alama ya kuonekana, na hapo neno la mzee ndilo ushahidi pekee.

Mwisho wa hatua hii ni kwenda mahali penyewe. Makaburi, miti mikubwa, mawe ya kusagia, misingi ya nyumba na majina ambayo majirani bado wanayatumia huthibitisha au kukanusha kile kilichoonekana kwenye karatasi.

Safari mbili za mfano

Chukulia familia ya Kiiraqw iliyoko Rhotia. Bibi anasimulia kwamba babu yake alizaliwa Murray, akahamia Daudi kutafuta malisho, na kwamba baba yake alifika Endabash akiwa kijana, kisha akaja Rhotia baada ya vita vya Hitler. Majina 4 yanaunda mstari kutoka kusini kwenda kaskazini, na mstari huo unalingana na historia inayojulikana. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 Wairaqw wengi walibanana katika milima ya Irqwa Da'aw, wakijikinga na mashambulizi. Emutai ilipowadhoofisha Wamaasai, nchi ya kaskazini ikafunguka. Katika utawala wa Waingereza uhamaji ukaongezeka kwa sababu milima ilikuwa imejaa watu na mifugo, na vichaka vilipofyekwa ili kuondoa mbung'o, Karatu ikaweza kukalika. Kwenye ramani za Kijerumani familia hii itafute Iraku na nchi iliyo kaskazini yake, na ione jinsi vijiji vya wakulima vilivyokuwa haba upande wa Karatu. Kwenye ramani za 1:50,000 itaona nyanda zilezile zikiwa na nukta za nyumba. Kati ya ramani hizo mbili ndimo ilimo safari ya babu.

Ndani ya Karatu hiyohiyo, ukanda wa kaskazini mwa wilaya, kuelekea Mbulumbulu, una historia ya pekee. Upper Kitete ilianzishwa mwaka 1962 kama makazi ya mpango ya wakulima wa ngano, miongoni mwa miradi ya mwanzo kabisa baada ya Uhuru. Mtu ambaye babu yake alikuwa mkaazi wa kwanza wa huko hatapata jina hilo la makazi kwenye ramani ya kabla ya hapo, na asidhani kwamba mzee amekosea.

Mfano wa pili ni familia ya Kimaasai ya Endulen ambayo wazee wake wanaitaja Moru, iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa ramani ya leo dai hilo linashangaza, kwa kuwa hakuna mfugaji anayeishi humo. Ramani za kabla ya mwaka 1959 zinaeleza. Hifadhi ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951 ilijumuisha pia Ngorongoro, na Wamaasai waliishi na kuchunga ndani yake. Mwaka 1958 wawakilishi wao walikubali kuondoka Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 sheria ikaigawa hifadhi hiyo na kuunda Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo wafugaji waliruhusiwa kuendelea kuishi. Michoro ya ngao za Kimaasai iliyoko kwenye miamba ya Moru bado inashuhudia makazi hayo. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta nao waliondolewa. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Watoto wao watakua mbali na majina haya yote, na kwao ramani itakuwa na kazi kubwa zaidi kuliko kwa wazazi wao.

Hati zinazoisaidia ramani

Ramani ikishataja mahali, hutafutwa maandishi ya mahali hapo. Hapa mipaka ya utawala huwachanganya wengi. Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, na mwaka 2002 Mbulu ikawekwa katika mkoa mpya wa Manyara, huku Karatu ikibaki Arusha. Ngorongoro ilikuwa katika wilaya ya Masai iliyotawaliwa kutoka Monduli. Kwa hiyo barua ya kikoloni inayohusu mzee wa Rhotia itakuwa kwenye majalada ya Mbulu, na ya mzee wa Nainokanoka kwenye ya Masai, yote chini ya Jimbo la Kaskazini.

Maofisa wa Kiingereza waliandika kitabu cha kila wilaya, chenye habari za koo, machifu, mipaka, kesi na matukio. Vitabu vya Mbulu na Masai vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Parokia za Jimbo Katoliki la Mbulu, ambalo linaihudumia Karatu pia, zina vitabu vya ubatizo na ndoa vinavyotaja wazazi na wasimamizi, na makanisa ya Kilutheri yana vyao. Ukishajua kwa ramani kwamba familia iliishi karibu na misheni fulani katika muongo fulani, unajua kitabu kipi cha kuomba.

Ramani zenyewe zinapatikana katika idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi, ambayo huuza kurasa za 1:50,000, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kurasa nyingi za ramani ya Kijerumani ya 1:300,000 zimewekwa kwenye intaneti na maktaba za Ujerumani na kwingineko, na zinaweza kutazamwa bure. Picha za angani zilizopigwa kwa ajili ya idara ya Uingereza ya kupima makoloni zinahifadhiwa Edinburgh, katika hazina ya taifa ya picha za angani. Picha za Corona hutolewa na idara ya jiolojia ya Marekani kupitia tovuti yake.

Mambo ya kuchunga

Nafasi tupu kwenye ramani haina maana kwamba nchi ilikuwa tupu. Msafiri aliandika alichokiona kutoka njiani. Wafugaji waliokuwa wamehamia malisho ya kiangazi, wawindaji waliojificha waliposikia msafara, na watu waliouawa na ndui mwaka uliotangulia, wote hawamo. Serikali za kikoloni zilizitumia nafasi hizo tupu kuhalalisha ugawaji wa mashamba, na kosa hilo halipaswi kurudiwa katika historia ya ukoo.

Majina ya makabila nayo yasomwe kwa tahadhari. Mengi yaliandikwa kutokana na maneno ya wakalimani na wapagazi, na mstari unaotenganisha kabila moja na lingine ulichorwa na ofisa aliyehitaji kukusanya kodi. Katika nchi hii watu walioana, wakakimbiliana wakati wa njaa na kupokeana katika koo. Mwiraqw mwenye bibi wa Kidatoga, au Mmaasai aliyelelewa kwa Wairaqw baada ya emutai, si jambo geni. Jina moja la mahali linaweza pia kuwa na vituo viwili, kwa sababu waliohama walibeba majina ya walikotoka.

La mwisho ni ardhi. Ramani ya nasaba inaonyesha mahali wazee walipopita, na haimpi mtu hati ya kumiliki hapo. Haki ya ardhi ya kijiji inafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hata hivyo uchoraji wa ramani unaoongozwa na wenyeji wenyewe umethibitika kuwa na nguvu mahali unapofuata sheria. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na maarifa yao ya mahali yalikuwa sehemu ya msingi wa kazi hiyo.

Ramani za kale zimehifadhiwa na zitaendelea kuwapo kwa miaka mingi ijayo. Wazee wanaoweza kuyasoma majina yake kwa matamshi sahihi, na kusema nani alikaa wapi, wanapungua kila mwaka. Familia ya Karatu au Ngorongoro inayotaka kujua asili yake ianze na wazee hao sasa, iandike majina ya mahali na ya watu pamoja, na iweke nakala kwa zaidi ya mtoto mmoja. Ramani itasubiri.